Kiti cha Nne

Wiki iliyopita niliaibika dukani kwa Abdi, pale Hai Jalaba, hapa Juba. Nilikuwa nimeingia kununua sabuni na majani ya chai, na Abdi mwenyewe alikuwa juu ya ngazi akishusha katoni iliyokaa kwenye rafu mpaka ikabadilika rangi. Ikamponyoka. Chupa moja ikapasuka sakafuni, na duka lote likajaa harufu ya samaki, chumvi, na kitu kingine ambacho ukikijua huwezi kukisahau. Wateja walitoka mbio wakiziba pua. Mama mmoja alilalamika kwa Kiarabu cha Juba kwamba kuna mnyama amekufa humo ndani. Mimi nilibaki katikati ya duka, nikivuta ile hewa kwa nguvu zangu zote, machozi yananitiririka.

Abdi alidhani harufu imeniumiza macho. Aliteremka akiomba radhi, akaniambia hiyo bidhaa iliagizwa na hoteli ya Waasia iliyokwisha kufungwa, na yeye mwenyewe hajui watu huila vipi. Nilimwambia anifungie chupa zote zilizobaki. Alinitazama vile watu wa kwao Garissa wanavyomtazama mtu aliyepungukiwa na akili, kisha akazifunga kwa gazeti.

Maji ya samaki. Ndivyo Mama Mai alivyoyaita, na kwangu hayana jina lingine.

Ninyi mliokulia Juba wakati ule mnakumbuka jinsi ilivyokuwa. Kila mtu alikuwa ametoka mahali. Sisi tulitoka Bungoma. Baba alibaki kule na shamba, Mama akapata kazi ya kusimamia watu wa usafi katika hoteli moja karibu na mto, akanichukua, tukapanga vyumba viwili Nyakuron. Nyumba iliyofuata ilikuwa na geti la buluu, na ndani yake waliishi watu ambao mtaa mzima ulishindwa kuwaeleza. Baba mtu alikuwa khawaja, mzungu mrefu kutoka Uswidi, mchimba visima. Mama mtu alitoka Vietnam, mfupi, mwepesi wa miguu, hakai chini. Binti yao, Mai, alikuwa wa umri wangu na darasa langu, na alikuwa rafiki yangu wa pekee. Nasema wa pekee kwa sababu sikuwa na mwingine. Wale wa darasani walinicheka Kiarabu changu, na Mai walimcheka nywele, basi tukakaa dawati moja.

Kila siku baada ya shule nilikuwa kwao. Mlangoni unavua viatu, na hapo ndipo mume na mke walipokubaliana, maana kwao wote wawili viatu haviingii ndani. Mengine yote kila mmoja alikuwa na yake. Baba Mai alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Akikuuliza kama unataka maji ukasema hapana, ameshamaliza, hakuulizi tena mpaka kesho. Peremende Mai alipewa Jumamosi tu, ndivyo walivyolelewa watoto wa Uswidi, na hata ukilia damu siku ya Jumatano hupati. Mama Mai naye alikuwa amemfundisha mtoto kukunja mikono kifuani na kuinama akimwona mkubwa. Siku ya kwanza Mai alipomwinamia mama yangu hivyo, Mama aliangalia nyuma kuona ni nani mheshimiwa amepita.

Kiswahili cha Mama Mai alikipata kwa akina mama wa Uganda waliouza mboga sokoni, na alikisema bila wasiwasi wowote. Kila nilipoingia aliacha alichokuwa akifanya, akanishika shavu, akaniuliza, "Mtoto yangu, wewe umekula?"

Na mimi nikajibu, "Nimekula."

Hapo lazima niwaambie kuhusu mama yangu. Sheria zake zilikuwa nyingi, lakini ya kwanza, kabla hata ya kusali, ilikuwa hii: kwa watu usikubali chakula. Kabla sijatoka alinisimamisha mlangoni akanihoji. Wakikuuliza umekula, unasema nini? Nimekula. Na kama hujakula? Nimekula. Na kama tumbo linanguruma mpaka wanalisikia? Nimekula, Mama. Hapo ndipo aliponiachia. Hakutaka ionekane kwamba mtoto wa mwanamke anayeishi peke yake ni mlafi, au ana njaa, au vyote viwili.

Lakini nyote mnajua lile neno lilivyo. Kwetu mgeni husema ametoka kula sasa hivi, na mwenye nyumba anamsikia kama anavyosikia hodi. Hamjibu hata. Analeta sahani, anaijaza, anasema hata kidogo tu, onja, na mgeni analalamika huku anavuta kiti karibu. Ni mchezo, na kila mtu anajua zamu yake. Mimi nilicheza zamu yangu vizuri. Nilisema nimekula, kisha nikangoja sahani.

Sahani haikuja. Mama Mai alitabasamu, akaridhika, akarudi jikoni. Na huko jikoni, enyi wenzangu, ndiko nilikoumia. Aliweka sukari kwenye sufuria, akaiacha iungue mpaka ikawa nyekundu, akatia maji ya samaki, tangawizi, pilipili manga, kisha vipande vya samaki wa Nile. Nilikuwa nachora na Mai mezani, mate yananijaa mpaka ninashindwa kuongea.

Saa kumi na moja na nusu kamili Baba Mai alitazama saa yake, akasema chakula tayari. Mai akaenda kunawa. Kisha Baba Mai akanigeukia mimi kwa upole kabisa, akaniambia ninaweza kungoja chumbani kwa Mai, kuna vitabu, hawatakawia. Akanifungulia mlango. Akaniwashia hata feni.

Ndivyo nilivyokaa, jioni baada ya jioni, kitabu kikiwa wazi mapajani, nikisikiliza watu wakila. Kabla hawajaanza, ilimpasa Mai awakaribishe wakubwa mmoja mmoja, desturi ya kwao mama yake. Nilimsikia kwa sauti yake ndogo akimkaribisha baba, kisha akimkaribisha mama. Baada ya hapo kulikuwa na kimya kifupi kabla ya vijiko. Katika kile kimya nilikuwa nangoja jina langu.

Mtoto hakosi maelezo. Mimi nilijieleza kwamba tatizo ni kiti. Meza ya Mama Mai ilikuwa na viti vinne, vitatu vya watu, na cha nne kilibeba boksi la karatasi za visima, ramani na mirija. Nikaamini kwamba siku lile boksi likiondoka, nitaitwa. Nikawa naomba Mungu visima vikauke, au viishe, vyovyote, ili karatasi ziende. Siku nyingine nilikosa imani, nikajinusa. Nilinusa mikono yangu na kola ya sare. Mama alikuja nyumbani na harufu ya dawa ya kufulia mashuka ya hoteli, nikafikiri labda ninayo hiyo harufu na watu wa meza hawaiwezi. Na Mama Mai nikamwona mchoyo. Niliona anauliza umekula ili nijibu nimekula, apate kufunga sufuria yake kwa amani. Nilimpenda, lakini nilimwona mchoyo, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa hili. Siku ya kwanza niliporudi, Mama aliniuliza kama walinipa chakula. Ningemwambia kweli, kwamba wananiweka chumbani wakila, angelivunja lile geti na mimi nisingemwona Mai tena. Kwa hiyo nikasema walinilazimisha. Mama akafurahi. Walikulazimisha kula nini? Nikamweleza samaki, jinsi sukari inavyoungua kwanza, jinsi mchuzi unavyonata kwenye wali. Nilimweleza kwa pua, maana ulimi haukujua kitu. Kesho yake akauliza tena. Nikawa nakula kwa maneno kila jioni, kisha namaliza ugali wetu wote, na Mama anashangaa huyu mtoto anapeleka wapi.

Mama yangu si mtu wa kula fadhili za watu akanyamaza. Jumapili moja baada ya kanisa alikanda unga, akapika chapati mpaka meza ikajaa, akazifunga kwa kitambaa chake cha maua, akanishika mkono. Alisema leo anakwenda mwenyewe kumshukuru yule mama. Nilijaribu kuumwa tumbo. Nikajaribu kusema hawapo. Mama akasema gari lao analiona, na tukafika.

Walikuwa wote watatu kwenye kivuli cha ukuta, Baba Mai na kikombe chake cha kahawa. Mama alitoa chapati kwa mikono miwili.

"Mama Mai, asante kwa kunilishia huyu," akasema. "Kila siku ni samaki, kila siku ni wali. Nikaona nije mwenyewe."

Mama Mai alipokea kitambaa, akatazama huku na huku. "Samaki? Huyu mtoto hapana kula kwangu. Mimi nauliza kila siku. Yeye nasema nakula."

Mama alinigeukia polepole. Mnalijua lile jicho. Nilitamani ardhi inifunike. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba wao wakila mimi huwa wapi. Na Mai, ambaye hakujua kama kuna kesi, akajibu kwa furaha kwamba huwa chumbani kwake na vitabu, na feni tunamwashia.

Nilimwona mama yangu akipumua. Nilimjua. Alikuwa anachagua maneno, na hakuwa anachagua ya kanisani.

Baba Mai aliweka kikombe chini. Alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba yeye alikulia hivyo. Kwao mtoto wa jirani akija kucheza, anangoja, kwa sababu mama yake amempikia nyumbani. Ukimlisha mtoto wa watu jioni, umeharibu chakula cha mama yake, ni kama kusema hawezi kumlisha. Alisema alikuwa anamheshimu Mama. Ilikuwa wazi usoni kwamba haongopi, masikio yalikuwa yamemwiva.

"Kwetu usipomlisha," Mama akamjibu, "umesema si mtoto."

Kisha nikaona Mama Mai amekaa chini, yeye asiyekaa, chini kabisa kwenye saruji, na zile chapati mapajani. Alianza kusema, Kiswahili kimechanganyika na Kiingereza, na mengi niliyaelewa baadaye tu. Alipoolewa alipelekwa Uswidi, kwa mama mkwe, wakati wa baridi, giza linaanza mchana. Mezani mama mkwe alimwuliza kama anataka zaidi. Yeye akasema hapana asante, kama alivyolelewa, akingoja aulizwe mara ya pili na ya tatu. Sahani zikaondolewa. Kesho hivyo hivyo. Akapitisha msimu mzima akilala na njaa katika nyumba iliyojaa chakula, na kila mtu akisema mke wa mwanetu anakula kidogo kama ndege. Kuuliza kuhusu chakula, alisema, kwao Vietnam hakuishi, watu husalimiana hivyo barabarani, umekula wali, kama sisi tunavyosema habari. Hakuwa amefikiri kwamba kwa mtoto wa Kenya lile swali lina ndoano.

"Mimi najua hii njaa," akasema. "Mimi nakaa nayo. Na sasa naweka huyu mtoto ndani yake."

Baba Mai alimtazama mkewe. Sidhani alikuwa amewahi kuisikia habari hiyo.

Mama Mai akanivuta, akanishika shavu kama siku zote. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mtoto yangu. Sasa sema. Umekula?"

Tulikuwa tumetoka kanisani. Tangu uji wa asubuhi sikuwa nimeweka kitu mdomoni. Nilimtazama Mama, na Mama, nafikiri kwa makusudi, akatazama kando ili nijibu mwenyewe. Neno la kweli lilifika hapa kooni. Nilikuwa na miaka minane ya mafunzo.

"Nimekula," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mama Mai alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akainuka, akajipangusa. Alisema Jumamosi. Jumamosi atapika, na mimi na Mama tutakuja. "Jumamosi mimi hapana uliza. Wewe nakuja, nakaa." Na Baba Mai akasema lile boksi ataliondoa mwenyewe, leo hii. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya boksi. Labda ndicho kiti pekee kilichokuwepo, basi.

Wiki ile nilikuwa mtu mwingine. Jumatatu nilimwuliza Mama kama mtu anaweza kufunga kula tangu Jumatatu ili Jumamosi apate nafasi. Mai aliniambia ni siku ya peremende pia, kwa hiyo tutakuwa na vyote. Nilijifunza kusema yale maneno ya kukaribisha wakubwa, ili na mimi nikaribishe. Nayajua mpaka leo.

Alhamisi mji ukaharibika. Sitawasimulia milio ya bunduki, mnaijua. Tulilala chini ya kitanda, Mama amenifunika kwa godoro na kwa mwili wake, mpaka nikapoteza hesabu ya siku. Ilipotulia kidogo alinishika mkono tukatoka kutafuta habari ya usafiri. Geti la buluu lilikuwa wazi. Ladu, mlinzi wao, alikuwa amekaa mlangoni na redio isiyowaka. Alitwambia Mama Mai na wenziwe walichukuliwa na gari kwenda uwanja wa ndege, begi moja kila mtu, hawakupewa hata muda wa kufunga madirisha. Mama Mai alikuwa amemsumbua dereva, alisema Ladu, anataka kuja kwetu, na dereva akakataa.

"Acha mtoto aingie aone," Ladu akamwambia Mama. Sijui aliona nini usoni pangu.

Mlangoni tulivua viatu. Mama pia. Hakukuwa na mtu ndani wa kutukataza, tukavua.

Boksi la karatasi lilikuwa sakafuni, limesukumwa ukutani. Kiti cha nne kilikuwa mezani pamoja na vingine, na stuli ya jikoni imeongezwa kwa ajili ya Mama. Juu ya kile cha nne walikuwa wameweka mto, mto wa Mai wa kulalia ule wenye vipepeo, kwa sababu mimi nilikuwa mfupi na ile meza ilikuwa ya mtu wa Uswidi.

Mama alisimama akiutazama ule mto. Kisha akasema, "Kaa kidogo."

Nilikaa. Nikaweka mikono mezani. Nyumba ilikuwa bado inanuka sukari iliyoungua, au nilitaka inuke. Mama hakuniharakisha. Aliponiambia twende, nilimwona akipangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Siku ya pili tulipata basi la kwenda Nimule, na kutoka hapo Uganda, na kutoka hapo nyumbani.

Nilirudi Juba nikiwa mtu mzima, na kazi ya benki. Ile nyumba siku hizi ni ofisi, geti ni jeusi, na ukuta umeongezwa juu na waya. Nimepita mara nyingi. Mama yangu yuko Bungoma, na bado huwahoji wajukuu mlangoni. Baba Mai alifariki. Hilo niliambiwa na Mai, aliyenitafuta mtandaoni, na kwa miaka miwili sasa tunatumiana picha na salamu. Lakini mama yake sikuwahi kuomba kuongea naye. Kila nikitaka, naona zile chapati mapajani mwake na mimi nikimwongopea mara ya mwisho, mbele ya macho yake mekundu.

Jioni ile ya duka la Abdi nilifika nyumbani, nikapanga chupa mezani, nikamwandikia Mai anipe namba. Nilipiga nikiwa nimesimama. Iliita muda mrefu. Kisha sauti, imezeeka, imekwaruza, lakini ni ile. Nikasema ni mimi, yule mtoto wa jirani wa Nyakuron, na kabla sijamaliza kujieleza akanikatiza kwa Kiswahili cha soko, kama vile nimeingia tu kutoka shule.

"Mtoto yangu, wewe umekula?"

Najua sasa kwamba ni salamu. Najua kwamba kwao hakuna anayetaka maelezo, unajibu nimekula, mnaendelea na habari nyingine. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limekaa hapo maisha yangu yote.

"Bado," nikasema. "Mama Mai, sijala bado."

Nilisikia akivuta pumzi huko Uswidi.

"Bado," akarudia. "Miaka yote hii, bado."

"Bado."

"Basi hapana simama," akasema, na sauti yake haikuwa imara. "Kaa. Iko sukari?"

Nikamwambia iko, nikavuta kiti.